Pikipiki za umeme: tamu, ila betri ni ya nani?

Mitihani imebana, ila hili la pikipiki za umeme acha niliseme.

Kusema kweli zinavutia. Hazina kelele, hazina oili ya kumwaga wala plagi ya kubadilisha, na bodaboda anayelia na bei ya wese anaona nafuu kabisa. Rwanda wametangulia: tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya abiria jijini Kigali haisajiliwi kama si ya umeme. Chaji ikiisha, dereva anaingia kituoni, anaacha betri tupu, anapewa iliyojaa, huyoo barabarani.

Utata uko hapo. Mara nyingi betri si yake, ni ya kampuni, na betri ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile. Petroli unanunua sheli yoyote, kijijini hata kwenye chupa. Sasa kampuni ikipandisha bei, au ikifunga, si umebaki na chuma tu?

Mi naona serikali zetu zidai betri zinazoingiliana mapema, kabla pikipiki hizi hazijajaa. La sivyo bodaboda atamaliza hesabu ya bosi wa pikipiki, aanze ya bosi wa betri.

Mnasemaje wadau?