Kijana Anayetoka Wodini Hakukosa Huruma

Saa ya kutazama wagonjwa, mvulana wa miaka 14 humletea mama yake chakula. Huuona mpira wa oksijeni puani, husikia namna mama anavyohema, kisha huiweka hotpoti mezani na kwenda kukaa kwenye benchi la nje, macho yakiwa kwenye simu. Shangazi husema mtoto huyu ana roho ngumu. Muuguzi, kwa uchovu wa zamu, humwitikia. Hukumu hiyo aghalabu si ya haki.

Kuumizwa na maumivu ya mwingine ni jambo moja, kumsaidia ni jambo jingine. Mwaka 1981 C. Daniel Batson na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani, waliwaonyesha wanafunzi mwanamke aliyeonekana kupigwa shoti za umeme (kumbe aliigiza tu). Waliotawaliwa na fadhaa yao wenyewe, walipopewa nafasi ya kuondoka, wengi waliondoka. Waliojawa na huruma kwa yule mwanamke walikuwa tayari zaidi kushika nafasi yake. Hao walikuwa watu wazima. Kwa kijana balehe hisia huja kwa nguvu ilhali uwezo wa kuzituliza ungali unakua. Yule aliyeketi nje huenda ameumia kuliko waliokizunguka kitanda. Watu wazima nao huikimbia wodi, ila wao wana kisingizio cha kazi.

Dada yake hapewi hata nafasi hiyo ya kutoka. Yeye humwosha mgonjwa, hufua shuka, na ukimya wake huitwa ushupavu. Ni nani aliyemuuliza analala vipi usiku?

Husemwa pia kwamba vijana husaidia ili waonekane na wenzao. Ni kweli kwa kiasi, wala si aibu. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliona kwamba vijana wa miaka 12 hadi 16 hulitolea kundi zaidi wenzao wakiwaunga mkono, na hupunguza mkono wenzao wakisifu uchoyo. Macho ya wengine, basi, huvuta pande zote mbili. Ndiyo maana kumkaripia kijana mbele ya wodi nzima ni kosa la kitabibu na si la adabu tu: aliyetangazwa kuwa na roho ngumu kesho hataleta hata hiyo hotpoti.

Muuguzi ana la kufanya, na halichukui muda mrefu. Amweleze kijana kwamba mpira ule unamsaidia mama kupumua. Ampe kazi ndogo yenye mwisho, kama kushika kikombe cha uji mpaka kiishe, kisha amshukuru kwa jina lake, wengine wakisikia. Akihitaji kutoka, atoke, na aambiwe kwamba mama atamsubiri.