Katazo Lililoishia Njiani



Mwezi wa tatu wa mwaka 2020 ulipokuwa ukielekea ukingoni, shule na makanisa ya nchi yetu yalikuwa yamekwisha fungwa. Tarehe 24 Rais Félix Tshisekedi akatangaza hali ya dharura kwa sababu ya korona. Sisi walimu hatuzisahau siku zile. Shule ikifungwa, mchango wa wazazi nao hukatika. Na wengi wetu, hasa wasio na mshahara wa serikali, hulipia nyumba kwa mchango huo.

Serikali ilichukua hatua za kuwapunguzia raia mzigo. Iliamuru maji na umeme vitolewe bila malipo kwa miezi miwili: jambo jema kwa mwenye mita, lakini wengi wetu huku Kasongo na Kabambare tunateka maji chemchemini. Hatua nyingine ndiyo iliyotuhusu. Ilikatazwa kumfukuza mpangaji aliyeshindwa kulipa kodi ya nyumba kati ya mwezi wa tatu na wa sita.

Sisi wenyewe tulizipata habari za katazo hilo likiwa limekwisha muda wake. Kwetu tangazo la serikali husomwa baada ya Misa, au wanafunzi hulipeleka nyumbani. Milango yote miwili ilifungwa na dharura ileile! Ilibidi basi wasimamizi wa teritware na wakuu wa mitaa walibebe neno hilo, walibandike sokoni, na wamwite mwenye nyumba na mpangaji wake wazungumze. Amri ya Kinshasa isiyokuwa na mdomo mtaani haimlindi mtu.

Tena deni halikufutwa, lilingoja tu. Dharura iliisha mwezi wa saba, na mpangaji akakabiliwa na kodi ya miezi minne kwa mkupuo. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangaji ipo: inaweka kikomo cha garanti ya nyumba ya kuishi kuwa miezi mitatu, na ugomvi hupelekwa kwanza kwenye ofisi ya makazi ili upatanishwe. Hapo ndipo deni lingegawanywa lilipwe kidogo kidogo. Lakini utapatanishwa kwa ushahidi gani, ikiwa mlikubaliana kwa mdomo tu, chini ya mwembe?

Wako wanaomsema mwenye nyumba kana kwamba ni tajiri. Hatukubaliani nao. Huku kwetu mara nyingi ni mjane mwenye vyumba viwili nyuma ya nyumba yake, na kodi hiyo ndiyo unga wake. Kumkataza asimtoe mpangaji, bila kumpunguzia chochote, ni kuuhamisha mzigo kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Serikali ya mahali ingeweza walau kumsamehe ushuru wa soko kwa miezi hiyo.

Jambo hili si la korona peke yake. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa. Aina yake mpya ilikuwa imegunduliwa Kamituga, mji wa wachimba dhahabu katika Kivu Kusini, jirani zetu. Salamabila nako ni kwa wachimba dhahabu; vijana hulala watatu au wanne katika chumba kimoja cha kupanga. Mgonjwa huambiwa ajitenge. Ajitenge wapi? Mwenye nyumba akiogopa na kumtupia mkeka wake nje, mgonjwa ataomba malazi kwa rafiki, na ugonjwa utaingia naye. Kumwacha mpangaji chumbani mwake ni dawa pia, tena ya bei rahisi kuliko nyingi.

Ninyi mnajua kuandika. Katika kila jumuiya wawili kati yenu waandike mapatano ya wapangaji: majina, kiasi cha kodi, tarehe, garanti iliyotolewa, sahihi au kidole gumba cha pande zote mbili, nakala moja kwa kila upande. Kila malipo yapewe risiti, hata ya faranka chache. Nanyi viongozi wa vikundi, nendeni ofisi ya makazi mkaulize ni nani atakayelitangaza katazo dharura nyingine ikija, na atalitangazia wapi.