Maandishi ya Kichupani

Kidonge kikikosewa huenda mgonjwa akawahiwa kingali tumboni. Dawa iliyopigwa mshipani imekwisha kuenea mwilini. Ndiyo maana leo tunayasemea maandishi madogo ya vichupa vya sindano, ambayo ndugu zetu wengi wa milima ya Maguu, na wa mwambao na visiwa vya Ziwa Nyasa, huyaona tu bila kuyaelewa.

Tuichukue artesuneti, ambayo mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri itumike badala ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali. Kichupa kimeandikwa miligramu 60, nacho kina unga. Ukishazimuliwa kwa ajili ya mshipa hupatikana mililita 6. Kwa ajili ya msuli, mililita 3. Mtoto wa kilo 10 hustahili miligramu 30: mililita 3 mshipani, au mililita 1 na nusu msulini. Dawa ni ile ile, kipimo ni kile kile, lakini ujazo wa bomba ni tofauti maradufu! Lebo peke yake haimwambii muuguzi aliyepokea zamu usiku mwenzake alizimua vipi. Tena dawa hiyo ikishazimuliwa itumike ndani ya saa moja, inayobaki imwagwe.

Zipo pia herufi IV, yaani mshipani, IM, msulini, na SC, chini ya ngozi. Si mapambo hayo. Penisilini ya benzathini ni ya msulini tu. Ikiingia mshipani yaweza kuua.

Mgonjwa wa kisukari anayejichoma insulini nyumbani ndiye aliye peke yake zaidi. Kichupa kikisema uniti 100 kwa mililita, uniti 10 ni sehemu ya kumi tu ya mililita. Atumie bomba la uniti, asikisie kwa bomba jingine. Na mtu wa kisiwani, ambaye mawimbi yakichafuka hana mtumbwi wa kumfikisha zahanati, atamwuliza nani?

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama nchini. Hatuoni kwa nini kichupa kiendelee kusema Kiingereza kitupu. Tunaiomba Wizara ya Afya na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ziwatake watengenezaji waambatishe karatasi ya Kiswahili. Waganga wafawidhi nao wasingoje: kila bomba lililojazwa liandikwe jina la dawa, nguvu yake na saa, na mgonjwa asomewe kabla ya kuchomwa.