Neno la Mgonjwa Nalo ni Kipimo

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wodini, ukweli wa methali hii huonekana kila siku. Mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji husema anaumia sana. Mhudumu hutazama jalada, akaona joto la mwili, mapigo ya moyo na shinikizo la damu havina kasoro, kisha humwambia ajikaze. Mama aliye katika uchungu huambiwa anyamaze, kwa kuwa si yeye wa kwanza kuzaa. Katika hali zote mbili, kilichopimwa kwa chombo huaminiwa, na kilichosemwa kwa kinywa huhesabiwa kuwa malalamiko. Ubaguzi huo hauna msingi katika sayansi. Tangu karne ya 19, wanasayansi wa Ujerumani, wengi wao wakiwa wamesomea udaktari kabla ya kuingia katika fizikia au saikolojia, walikwisha kuonyesha kuwa hisia ya mtu inaweza kupimwa, na kwamba shahidi wake mkuu ni mtu mwenyewe.

Kabla yao, wasomi wengi waliamini kinyume. Mwaka 1786 mwanafalsafa Immanuel Kant, aliyeishi katika mji wa Königsberg, aliandika kuwa elimu ya nafsi haiwezi kuwa sayansi kamili, kwa sababu hisabati haiwezi kutumika katika mambo yanayopita ndani ya mtu. Hoja hiyo ilikuwa nzito, na kwa miaka mingi hapakuwa na jibu la kuiondoa.

Jibu lilianza katika Chuo Kikuu cha Leipzig, kwa profesa wa anatomia na fiziolojia, Ernst Heinrich Weber. Weber alitumia bikari ya kawaida. Aliigusisha ngozi kwa ncha zake mbili, kisha akauliza: unahisi ncha moja au mbili? Kwenye ncha ya kidole, mtu hutenganisha ncha zilizoachana kwa milimita 2 hivi; mgongoni, ncha hizo lazima ziachane kwa sentimita kadhaa ndipo atambue kuwa ni mbili. Aliwapa watu uzito pia. Tuseme mtu ameshika gramu 100, akatambua tofauti pale tu zinapoongezwa gramu 3. Akishika kilo 1, gramu hizo 3 hatazitambua kabisa. Zitahitajika gramu 30 hivi. Binadamu hahisi kiasi chenyewe kilichoongezwa, bali huhisi uwiano wa kilichoongezwa na kilichokuwapo.

Gustav Theodor Fechner aliichukua kanuni hiyo akaipeleka mbele. Alisomea udaktari, kisha akawa profesa wa fizikia hukohuko Leipzig. Uchunguzi wake wa macho, uliomfanya alitazame jua kupitia vioo vya rangi, ulichangia kumletea maradhi ya macho yaliyomfungia gizani na kumwondoa kazini kwa miaka kadhaa. Baada ya kupona, mwaka 1860 alichapisha kitabu chake kikuu kuhusu uhusiano wa mwili na nafsi, akaeleza kuwa nguvu ya kichocheo ikizidishwa mara kwa mara kwa kiwango kilekile, hisia hupanda hatua moja moja tu. Hivyo hisabati iliingia mahali ambapo Kant alisema haiwezi kuingia.

Wakati huo, katika mji uleule wa Kant, Hermann von Helmholtz alikuwa amekwisha kupima jambo jingine lililodhaniwa haliwezekani. Mwaka 1850 alitangaza kasi ya ujumbe katika mshipa wa fahamu wa chura: takribani mita 30 kwa sekunde, yaani chini ya moja ya kumi ya kasi ya sauti hewani. Helmholtz alianza kazi akiwa daktari wa jeshi. Hali hiyo haikumzuia kuandika, mwaka 1847, mojawapo ya maandiko ya msingi kuhusu kanuni ya kutopotea kwa nishati, wala kutangaza mwaka 1851 kifaa cha kutazamia ndani ya jicho, ambacho hadi leo kimo katika kliniki za macho. Msaidizi wake wa zamani huko Heidelberg, Wilhelm Wundt, naye daktari, alianzisha Leipzig mwaka 1879 maabara inayohesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa saikolojia ya majaribio. Wundt alisisitiza kuwa maelezo ya mtu juu ya hisia zake yana thamani endapo swali ni lilelile, hali ni ileile, na jaribio linaweza kurudiwa.

Urithi huo haumo vitabuni tu. Mhudumu anapougusa wayo wa mgonjwa wa kisukari kwa uzi laini wa nailoni, akamtaka afumbe macho na kusema anapohisi, anaifanya kazi ya Weber. Chombo hapo ni uzi tu. Anayetoa jibu ni mgonjwa. Akisema "sihisi", neno hilo moja hubadili matibabu, na huenda likaokoa mguu. Hakuna mhudumu anayemjibu kwamba anadeka. Basi kwa nini neno "sihisi" liaminiwe, na neno "naumia" lishukiwe?

Wapo watakaosema kuwa wagonjwa hutia chumvi, na kwamba namba wanayoitaja kati ya 0 na 10 si sawa na namba ya kipimajoto. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Nane ya mgonjwa mmoja si lazima iwe nane ya mwenzake. Hata kanuni ya Fechner ilipingwa: katika karne ya 20, Stanley Smith Stevens wa Marekani alionyesha kuwa hisi hazifuati mwendo mmoja, na kwamba mshtuko wa umeme vidoleni huhisiwa ukikua kwa kasi kuliko umeme wenyewe. Lakini pingamizi hilo lilitokana na kuwauliza watu kwa utaratibu ulio bora zaidi, wala halikuwanyamazisha. Kipimo chenye upungufu hurekebishwa, hakitupwi.

Yafuatayo, kwa hiyo, yangepaswa kuwa desturi. Maumivu yaulizwe kwa swali lilelile kila zamu, na jibu liandikwe kwenye chati kando ya joto na mapigo ya moyo. Mgonjwa alinganishwe na yeye mwenyewe wa jana, asilinganishwe na jirani wa kitanda cha pili. Baada ya dawa, aulizwe tena. Dawa isiyofuatiwa na swali haijulikani kama imefanya kazi. Asiyeweza kusema, kama mtoto mchanga au mgonjwa aliyepoteza fahamu, asomwe usoni na katika mienendo ya mwili.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Kiswahili kimempa maneno ya kutosha: maumivu huchoma, huwaka moto, hukata, huvuta, hupwita, husokota, kiungo hufa ganzi au huhisi kama kinatembelewa na wadudu. Maneno hayo si mapambo. Mguu unaowaka moto huku umekufa ganzi humwelekeza daktari kwenye mishipa ya fahamu. Tumbo linalosokota kwa vipindi humpeleka kwingine. Aseme ni wapi, tangu lini, na nini huzidisha au hupunguza, bila kuona haya na bila kuongeza.

Kitanda cha mgonjwa hatakilalia mwingine kwa niaba yake. Hilo halimwondolei mhudumu dhamana ya kuuliza, kusikiliza na kuandika, kwa uangalifu uleule anaoutumia kusoma shinikizo la damu.