Pombe kali Uvira: tuwasikilize vijana kabla ya kasho

Kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, ni nani asiyejua kijana mmoja aliyepotea ndani ya kanyanga ao bangi? Dawa yetu ni ile ile: opereshoni, kasho, famili inatafuta pesa, kijana anatoka, anarudilia.

Ngambo ya ziwa letu, kule Tanzania, kuna watu waliojaribu njia ingine. Mmoja wao, Sheryl McCurdy, ni Mmarekani, mtafiti wa historia ya jamii. Tezi yake, aliyoimaliza Columbia (New York) mwaka 2000, haikuhusu madawa ya kulevya. Ilihusu Wamanyema wa Ujiji na Kigoma, ni kusema wajukuu wa watu waliovuka kutoka huku kwetu wakati wa misafara ya pembe za ndovu, na namna wanawake wao walivyotafuta uzazi. Kazi kama hiyo haiishi na karatasi ya maswali. Unakaa na wamama, unangoja.

Kisha akafanya kazi Dar es Salaam, ambako heroini, wenyewe wanasema "unga", ilikuwa imejaa mitaani. Pamoja na watafiti wa Muhimbili kama Gad Kilonzo na Melkizedek Leshabari, alisikiliza mateja wa mageto. Mwaka 2005 wakaandika jambo ambalo hakuna polisi angeambiwa: mwanamke anajidunga, anavuta damu yake ndani ya sindano, anampa mwenzake asiye na pesa. Yule naye anajidunga ile damu, akiamini unga umebakia ndani. Ilikuwa huruma ya maskini kwa maskini, na ukimwi ulipitia pale pale.

Mwezi wa pili 2011, hospitali ya Muhimbili ilifungua kliniki ya metadoni, dawa ya kunywa kila siku mbele ya muuguzi, inayotuliza uchungu wa kukosa unga.

Uvira si Dar. Metadoni haiponyeshi mlevi wa kanyanga. Tunachoweza kuazima ni ule mwanzo wa kazi. Wanafunzi wetu wa sosiolojia wanaotafuta somo la kazi ya mwisho, tuwatume bandarini Kalundu kusini, waulize kijana alianza kunywa lini na sababu gani. Ni nyuma ya maji ya Mulongwe kubeba nyumba yao mwezi wa ine 2020? Ni vita iliyomfukuza kijijini? Ao ni kwa kuwa chupa ndogo inatuliza njaa kwa bei rahisi kuliko sahani ya ugali? Mwenye njaa na mwenye kufiwa hawahitaji msaada mmoja. Meya na waganga wa zone ya afya waombe majibu hayo mbele ya opereshoni itakayofuata.