Rudisheni Kifuniko

Mafundi wenzangu mtanikasirikia, lakini nasema: anayeng'oa kifuniko cha msumeno wa mviringo ili kazi iende upesi si hodari, ni mvivu. Nami nilikuwa mmoja wao. Kidole changu cha shahada kimebaki nusu. Watu walinipa pole ya ajali. Ajali gani? Ubao mbichi wa mninga uliubana msumeno, ukarushwa nyuma, na mkono uliokuwa ukiusukuma ukaangukia kwenye meno. Kile chuma chembamba cha nyuma, ambacho kazi yake ni kuzuia mwanya usijifunge, nilikuwa nimekitupa kabatini. Na kijiti cha kusukumia, jamani, kinagharimu nini? Siku hizi vijana karakanani wananung'unika kwamba nawachelewesha. Wanung'unike.