Tarehe ya Upasuaji Isimlaze Mgonjwa Kitandani
Safu ya Jumamosi, na Mwanaidi Salehe

Mgonjwa wa saratani akishapangiwa tarehe ya upasuaji, jamaa humzunguka kwa huruma. Bibi asishike ufagio, babu asiende msikitini kwa miguu, uji aletewe kitandani. Nia ni njema, lakini mapumziko ya namna hiyo yanaweza kumponza.

Upasuaji mkubwa huuchosha mwili. Baada yake mwili hudai oksijeni zaidi ili uunge kidonda na kupambana na maambukizi, na mzigo huo hubebwa na moyo na mapafu. Asiye na pumzi huchelewa kuinuka. Akilala mno, makohozi hutuama kifuani, nimonia ikaingia, damu nayo ikaganda miguuni. Misuli nayo haingoji: mwaka 2007 watafiti wa Marekani walieleza kuwa wazee wenye afya njema waliolazwa siku 10 tu walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu.

Kinyume chake kimepimwa pia. Mwaka 2023, jarida la JAMA Surgery lilichapisha utafiti wa wagonjwa 251 wa saratani ya utumbo mpana, wa Ulaya na Kanada. Baadhi yao waliandaliwa kwa wiki 4: mazoezi yenye msimamizi, chakula chenye protini, msaada wa kuacha sigara na wa kupunguza hofu. Matatizo makubwa baada ya upasuaji yaliwapata asilimia 17 ya hao. Kwa wenzao ambao hawakuandaliwa, karibu asilimia 30.

Utaniuliza: mgonjwa wa saratani ya umio, ambaye hata uji unamkwama, atafanya mazoezi gani? Swali la haki. Huyo aanze na lishe, hata kwa mpira wa kulishia. Mwenye upungufu wa damu atibiwe kwanza. Wala upasuaji usicheleweshwe kwa sababu ya mazoezi. Ninachodai ni zile wiki ambazo mgonjwa anasubiri vipimo na nafasi, zinazopotea bure.

Kinachohitajika si jimu. Ni kutembea mpaka pumzi ipande, kuinuka kitini bila kujishika, mayai, dagaa na maharage. Anachokosa mgonjwa ni mtaalamu wa kumwambia afanye kiasi gani na aache lini. Hospitali zetu humkabidhi orodha ya vipimo na idadi ya ndugu wa kuchangia damu. Ziongeze kumpeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia siku hiyohiyo anayopewa tarehe. Nasi jamaa tumwachie babu aende msikitini, tena tufuatane naye.